Kuuona Mlima Kupitia Bunduki ya Guka

Enzi zetu zilikuwa na harufu yake, na kama ulikulia ng'ambo ya Gatitu, upande ule mashamba yanapoanza kutazama tambarare za Kieni, unaijua vizuri: moshi wa kuni mbichi, udongo uliolowa umande, uji wa wimbi ulioungua kidogo chini ya sufuria. Kwetu ziliongezeka mbili ambazo majirani hawakuwa nazo, baruti na mafuta ya kondoo. Mpaka leo nikipita kwa fundi wa kuchomelea vyuma, na nyuma yake mtu awe anakaanga nyama, naweza kusimama barabarani nikasahau nilikokuwa nikienda.

Baruti ilitoka kwenye bunduki ya Guka, baba ya baba yangu. Ilikuwa bunduki ya marisau, ile inayotema punje nyingi ndogo kwa mpigo mmoja, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu kama ndugu waliopewa kitanda kimoja. Alikuwa na cheti chake na kibali cha kupiga ndege, na vyote viwili vilikaa kwenye mfuko wa ndani wa koti hata akienda kanisani. Kitako cha bunduki kilikuwa cha mti mweusi uliojaa mikwaruzo, ila pale shavu la Guka lilipokaa palikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Ilikuwa na umri kumshinda baba yangu. Aliyeitengeneza sikuwahi kumjua, kwa sababu maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa kupanguswa.

Msidhani ulikuwa mchezo wa matajiri. Ukipanda mahindi upande ule, kwale anakufuata nyuma kama kibarua uliyemwajiri, anafukua mbegu moja baada ya nyingine, na anafuata mstari vizuri kukushinda. Kanga nao walikuja kwa kundi, wakipiga kelele kama wanawake wanaotoka mkutano wa chama, wakaingia kwenye ngano na maharagwe. Mtu akiamka akaona shamba lake limefukuliwa alimtuma mtoto kwa Guka, na Guka alikuja nasi.

Sisi wajukuu ndio tuliowafukuza hao ndege. Shule zikifungwa Agosti tulikusanywa kutoka kila upande, wengine Kianyaga, wengine Nairobi wakiwa na soksi nyeupe ambazo hazikufika jioni. Tulipangwa mstari mwisho mmoja wa shamba, kila mtu na mkebe wake mtupu na kijiti, naye Guka akasimama mwisho wa pili karibu na ua. Akiinua kofia tunaanza kutembea tukigonga mikebe na kupiga kelele ambazo siku nyingine yoyote zingetuletea kiboko. Ndege wanaruka, wanapita juu yake, na yeye anapiga kuelekea angani. Ndege wa chini hakuwahi kumgusa. "Ndege iko chini ya kofia yangu, hiyo si yangu," alisema, na kwa kuwa alikuwa mfupi, waliobaki kuwa wake bado walikuwa wengi.

Bunduki ikilia tunalala kifudifudi jinsi tulivyofundishwa, tunangoja Guka aivunje. Ndivyo tulivyosema, kuivunja, maana ilikuwa na bawaba katikati. Ukiikunja inafunguka kama mlango, mitutu inatazama chini na nyuma inabaki wazi, na hata mtoto wa nasari anaona kama ina kitu au haina. Ikishavunjwa na kulazwa juu ya mkono wake, ndipo tuliruhusiwa kukimbia.

Tulichokikimbilia hakikuwa ndege. Ndege walikuwa wa Cucu, mke wa Guka, na sufuria yake. Sisi tulitaka maganda ya risasi. Ganda lilikuwa mali: ukilipuliza ukingoni linatoa mluzi wa kumwita mbwa wa jirani, na ile shaba ya chini ukiisugua kwa majivu inang'aa kuliko pete ya mama. Shuleni ganda moja lilikupatia bano, zile gololi, za kuchezea wiki nzima. Kuna msichana wa darasa letu aliyenipa maziwa yake ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni, kwa ganda moja la karatasi lililopigwa jana yake, akalinusa macho yakiwa yamefungwa mpaka mwalimu akaingia. Sijui siku hizi yuko wapi. Natumaini alipata kazi nzuri.

Na kitoweo chenyewe, wacha nikwambie. Kwale alichemshwa kwanza na nduma, halafu akakaangwa kwa vitunguu, na ulimla polepole kwa sababu ya zile punje. Ukiuma chuma, jino linalia mpaka sikioni. Punje ukiitoa unaipanga kwenye ukingo wa sahani, na Guka anapita kukagua kama mwalimu anayesahihisha hesabu, akimpongeza aliyepata nyingi. Mama yangu alisema meno yetu yangeisha kabla ya kuolewa. Mimi niliolewa nikiwa nayo yote, isipokuwa moja, na hilo lilitoka nikiruka bladaa, ile kamba ya mpira.

Lakini bunduki haikuingia nyumbani hivi hivi. Getini tulimkuta Cucu. Nyanya yangu huyo alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, wala hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Ujanani mwake alikuwa ameziona bunduki nyingine, za watu waliokuja kijijini bila kubisha hodi, na hizo hakupenda kuzizungumzia. Kwa hivyo alijiwekea sheria yake. Guka akifika anaivunja, anaondoa kila kitu, anampa kwa mikono miwili. Cucu anaiinua, anaweka jicho nyuma ya mtutu wa kwanza na kuuelekeza Mlima Kenya, ambao anga ikiwa safi unasimama juu ya shamba letu na barafu yake yote. Anatazama bila haraka. Anahamia mtutu wa pili. Akiiona barafu kwenye yote miwili anasema, "Mrima iko," na sote tunaingia.

Siku za mawingu alisimama akangoja kidogo, kisha akautazama mkaratusi wa jirani, na hapo alisema, "Mti iko." Hakuwahi kusema mlima uko kama hajauona. Tulikuwa tunatetemeka kwa baridi, tumbo linanguruma, na bado tulingoja Cucu amalize kutazama. Hakuna aliyeona ajabu. Nilidhani kila nyumba yenye bunduki hufanya hivyo, mpaka nikawa mtu mzima.

Shida ilikuwa bega la Guka. Bunduki ile ilikuwa na teke la punda. Kila ilipolia kitako kilirudi nyuma kwa nguvu, na baada ya miaka mingi mahali palepale, bega lilikuwa limechoka. Jioni Cucu alimvua shati na kumkanda kwa mafuta ya kondoo, na sisi tulichungulia tukaona ngozi imekuwa ya zambarau. Daktari mmoja mjini Nyeri alimpiga picha akamwambia aache, la sivyo mkono utakataa hata kuinua kikombe. Guka alimshukuru, akaichukua ile picha ya mifupa, akaichomeka kwenye dari la jikoni pamoja na mbegu za mahindi. Agosti akaenda shambani kama kawaida, lakini sasa akipiga alifunga macho kabla, jambo ambalo mwindaji hafai kufanya.

Mwaka huo ndipo Ankol Muriithi alikuja na suluhisho. Yeye ni ndugu mdogo wa baba yangu, alikuwa na kazi nzuri Nairobi na viatu ambavyo matope ya kwetu yaliviogopa. Mkewe, Anti Kemunto, alikuwa wa kutoka Kisii, kwa hivyo wakija nyumba nzima ilihamia Kiswahili, kile chetu cha mlimani ambacho watu wa pwani wakikisikia hushika kichwa. Alikuwa na bunduki aliyoinunua kwa njia halali, na makaratasi yote yakiwa sawa. Ilikuwa nyeusi tititi, ya mtutu mmoja. Ulizijaza risasi chini ya tumbo lake zikapangana ndani, na baada ya kila mpigo ilitema ganda ubavuni na kujikoki yenyewe.

"Baba, hii ni ya modern," alisema. "Ile nguvu ya kurudi nyuma inaimeza ndani, inaitumia kujikoki. Bega yako haitasikia kitu."

Siku ya kwanza tulikwenda nayo kwenye shamba la ngano la jirani. Tuligonga mikebe, kanga wakainuka, na Guka akapiga. Akapiga tena bila kuivunja, bila kuingiza kitu. Halafu akaishusha na kujishika bega. Alikuwa akiyatafuta maumivu, akibonyeza hapa na pale kama mtu aliyepoteza ufunguo mfukoni.

"Haijanigonga," akasema. "Muriithi, hii kitu haijanigonga."

Sikuwa nimemwona Guka akicheka kwa meno yote. Alicheka asubuhi ile nzima. Alipiga akiwa amefumbua macho, na kanga walianguka hata sisi tukamwonea huruma Cucu kwa kazi ya kunyonyoa. Na sisi watoto, ambao mngedhani tungekuwa upande wa bunduki ya ukoo, tulihama siku hiyohiyo. Ya zamani ilitupa maganda mawili baada ya kungoja. Hii iliyarusha yenyewe hewani, mekundu, ya plastiki, yakibingirika juani, na ungeweza kulidaka moja likiwa bado na joto. Watu hulalamika vijana wa leo wanapenda vitu vipya. Sisi tuliuza mila zetu kwa kipande cha plastiki kabla ya saa nne asubuhi.

Basi likaja suala la kuchagua. Afisa wa kituoni alikuwa amemwambia Guka wazi kwamba mzee mwenye shamba dogo hana sababu ya kuwa na bunduki mbili kwenye cheti kimoja. Ankol alikuwa tayari kuiandikisha ile mpya kwa jina la baba yake, na muuzaji mmoja wa Nairobi angeichukua ya zamani. Ilibidi Guka aamue kabla Ankol arudi kazini. Akichukua mpya, angeendelea kuwinda mpaka miguu imkatae. Akibaki na ya zamani, bega lingemstaafisha, labda mwaka huohuo. Hata mimi wa darasa la tano nilielewa, na nilijua Guka bila shamba na ndege ni mzee wa kukaa kwenye kiti nje ya nyumba, akiuliza saa ngapi.

Walizungumza wakati wa chai, Guka akiwa tayari ameshawishika. Cucu alikuwa akimenya viazi.

"Mama, na wewe unasemaje?" Ankol akauliza.

"Mimi sijakataa. Ati bega itapona, nani atakataa?" Akaendelea kumenya. "Niko na swali moja tu. Hiyo bunduki yako, mrima nitaonea wapi?"

"Hii haifunguki hivyo, Mum. Lakini usijari, iko na safety. Ni hii kitufe hapa. Ukiona nyekundu, ni hatari."

"Macho yangu haioni nyekundu vizuri siku hizi," Cucu akasema. "Rakini mrima naiona."

Anti Kemunto alicheka, Ankol akacheka, na Guka pia alicheka kidogo, halafu mazungumzo yakahamia bei ya majani chai. Cucu hakucheka. Alibeba viazi vyake akaingia jikoni.

Kesho yake mchana Guka alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba na kuzisafisha bunduki zote mbili. Hapa niwaeleze kuhusu mafuta ya kondoo, kwa ajili ya waliolelewa na mafuta ya chupa zenye picha ya mtoto. Kwetu mafuta ya mkia wa kondoo yalikuwa dawa ya kila kitu. Mtoto mchanga alipakwa, ngozi iliyopasuka kwa baridi ilipakwa, kifua kikibana unalambishwa, mlango ukilia unapakwa, na bunduki ya Guka haikuwahi kuonja mafuta mengine. Ankol alikuwa ameleta kichupa kidogo cha mafuta maalumu, lakini kwa Guka kile kilikuwa kama kumpa mgeni maji ya uvuguvugu na chai iko. Alichukua kibuyu cha Cucu. Kwa mapenzi kabisa, kwa shukrani ya bega lake, aliipaka bunduki ya mwanawe nje na ndani, akasukuma kitambaa kilicholoa mafuta kila tundu kilipoingia, hasa pale ubavuni ambapo kuna chuma kinachokwenda na kurudi. Nilimshikia kibuyu. Aliipaka mpaka ikanuka kama mtoto aliyetoka kuoga.

Mnaojua Agosti ya kwetu mnajua kilichofuata. Asubuhi ya Jumamosi baridi ilikuwa ya kuuma masikio, ukungu umelala kwenye maharagwe, na mafuta ya kondoo kwenye baridi kama hiyo hugeuka kuwa nta. Tuliwafukuza kwale, Guka akapiga mara moja, ganda likatoka. Alipobonyeza tena, kimya. Kile chuma cha ubavuni kilikuwa kimerudi nyuma na kugandia hapo, hakiendi mbele wala nyuma. Ankol akavuta, akagonga kwa kiganja, akapuliza, akasema maneno ya Kiingereza ambayo Anti Kemunto alituzibia masikio. Mwishowe akazitoa risasi zilizopangana chini ya tumbo la bunduki, akazitia mfukoni. Iliyokuwa imeshapanda juu, ikisubiri kuingia kwenye mtutu, hakuikumbuka.

"Imekwama. Imekufa," akasema, akaitundika begani, na uwindaji wa siku hiyo ukaishia hapo. Tulikaa ukingoni mwa shamba tukala viazi vitamu vya baridi. Ukungu ukaondoka, jua likatoka, lile jua kali la mlimani linalokuja ghafla baada ya baridi, na bunduki nyeusi ikaota jua na sisi. Mahali fulani njiani tukirudi nilisikia kitu kikigonga chuma kwa sauti ndogo, kama komeo la mlango. Ankol pia alisikia. Akaitazama, akaona chuma kimerudi mahali pake, akafurahi. "Inaanza kupona," akasema.

Cucu alikuwa getini. Mlima ulikuwa wazi, mweupe juu, siku nzuri kabisa ya kutazama.

"Nionyeshe mrima," akamwambia mwanawe.

"Mum, nilikwambia hii haionyeshi mrima. Na haina kitu, nimetoa zote. Hata ilikuwa imekwama."

"Watoto hawaingii kama sijaona."

Tulikuwa tumesimama nyuma yake, wengine tayari tunapenya kando yake kwenda kunywa maji. Ankol alikuwa amechoka, viatu vyake vimeharibika, na alikuwa ameaibika mbele ya baba yake kwa kitu alichokisifu tangu alipofika. "Basi ona," akasema, akaanza kuigeuza akiwa ameishika kiunoni, mdomo wa bunduki ukipita usawa wa vichwa vyetu.

"Muriithi. Bunduki hutazamishwa mrima." Cucu hakuinua sauti. Aliushika mtutu kwa kiganja, akausukuma juu mpaka ukatazama barafu. Ankol, ili amalize ubishi, akabonyeza.

Ilikuwa sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kusikia, labda kwa sababu hatukuitarajia. Tulianguka kifudifudi, wote, hata Anti Kemunto na nguo yake nzuri. Nilipoinua kichwa niliona Cucu amesimama palepale, na nyuma ya nyumba tangi letu la mabati, lililokuwa kwenye njia ya kuelekea mlimani, linatoa maji juu kabisa kwa vijito vyembamba vingi, kama bomba la kunyunyizia maua. Hakuna aliyeumia. Ankol aliiweka bunduki chini kwenye nyasi taratibu, akakaa kando yake. Binti yake mdogo, ambaye alikuwa wa kwanza kupenya getini, alianza kulia. Mimi nililia pia. Sioni haya kusema hivyo, maana nilikuwa nyuma yake kabisa.

Mama yangu alizima hofu kwa njia yake. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akapanda kwenye ngazi na kuziba matundu moja moja huku akinung'unika. Kwa miaka iliyobaki maji ya tangi lile yalikuwa na povu kidogo mvua ikinyesha sana.

Guka alinusa ile bunduki, akaifikicha kwa kidole, akaelewa: jua lilikuwa limeyeyusha mafuta, na chuma kikaisukuma ndani ile risasi iliyosahauliwa. Hakungoja jioni. Alituita sote, hata watoto, akasema akiwa amesimama.

"Bunduki ya Muriithi haina makosa. Makosa ni ya mafuta, na mafuta niliweka mimi."

"Basi ichukue, Baba," Ankol akasema. Nadhani hakuwahi kumpenda baba yake kama dakika hiyo. "Hautaipaka tena. Sasa unajua."

"Leo ni mafuta. Kesho itakuwa kitu ingine. Mimi nazeeka, nitasahau." Guka akatutazama sisi, tukiwa bado na majani kwenye nywele. "Na hawa watoto hutembea mbele yangu. Siku nitasahau, nataka mtu akiwa kwa geti aone."

"Na bega?"

"Bega ni yangu."

Ankol alirudi Nairobi na bunduki yake, na alipofika aliiuza. Guka alibaki na mitutu yake miwili. Msimu uliofuata alipiga mara moja tu, na Cucu akamvalisha shati kwa wiki nzima kama mtoto wa nasari. Baada ya hapo hakununua risasi tena.

Lakini hakuacha kwenda. Hili ndilo ninalotaka mlijue. Majirani waliendelea kumtumia watoto, naye aliendelea kuja na bunduki tupu, na sisi tukaendelea kupanga mstari na mikebe yetu. Akiinua kofia tunatembea tukipiga kelele. Kwale wanaruka, wanapita juu yake, naye anainua bunduki, anawafuata angani kwa macho yaliyofumbuliwa vizuri, na kusema kwa mdomo, "Tuu. Tuu." Kisha anaivunja, na sisi kwa mazoea tunakimbia kutafuta maganda ambayo hayapo. Kesho yake kwale walirudi shambani kama wenye shamba, na hakuna jirani hata mmoja aliyemwambia. Getini Cucu alikagua vilevile, mtutu wa kwanza, mtutu wa pili. Sote tulijua hakukuwa na kitu ndani, na tulingoja tumbo likinguruma.

Siku hizi lile shamba la ngano limekuwa ploti za nyumba za mawe, kila moja na ukuta wake, na kwale nimemsikia mara moja tu tangu mwaka uanze. Mwanangu ana bunduki nyingi kuliko kituo cha polisi, zote kwenye simu yake. Anazichagua kwa rangi, anapiga watu kabla ya kunywa chai, na bega lake liko sawa kabisa. Juzi nilimwuliza huwa anajuaje kama imeisha risasi. Alinitazama kwa huruma, jinsi vijana wanavyotutazama tukiuliza mambo ya simu. "Mum, si inaandika hapa juu." Nikatazama, na kweli ilikuwa imeandikwa. Nikatamani kumwambia habari za mlima, lakini alikuwa ameshaanza tena. Na hata mlima wenyewe, barafu yake imepungua mpaka inabidi umwonyeshe mgeni kwa kidole. Nawaonea wivu kwa mengi watoto hawa, kwa viatu, kwa vitabu, kwa maji ya bomba yasiyo na povu. Lakini sijui ni nani anayesimama getini kuwatazamia.

Guka alifariki mwaka niliomaliza darasa la nane. Cheti kilikuwa cha jina lake, kwa hivyo bunduki ilibidi ipelekwe kituoni, na Ankol Muriithi ndiye aliyekuja kuipeleka. Cucu alikuwa ameketi nje, macho yake yameshafunikwa na utando, akitutambua kwa sauti na kwa mwendo. Miaka yote alikuwa ameikagua ikiingia. Siku hiyo aliomba kuikagua ikitoka. Tulimshika mkono mpaka getini. Ankol akaivunja, akampa kwa mikono miwili kama baba yake alivyokuwa akifanya, na Cucu akaweka jicho nyuma ya mtutu wa kwanza, akatazama kwa muda mrefu, akahamia wa pili. Harufu ya mafuta ya kondoo ilikuwa bado ipo.

"Mrima iko," akasema.

Mawingu yalikuwa yameshuka tangu alfajiri, na hata mkaratusi wa jirani haukuonekana. Ankol alifungua geti.